Naitrasi oksaidi ya mashambani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinganisha Kenya na Uholanzi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya maafisa wa kilimo, wanafunzi na viongozi wa vyama vya ushirika kuanzia Nakuru hadi Busia, hasa wanaoombwa kuandaa jedwali la "nani anatoa gesi nyingi zaidi". Kujaza jedwali la namna hiyo ni rahisi. Linalowashinda wengi ni kulisoma.

Gesi hii ni ipi, na ina uzito gani?

Ni naitrasi oksaidi, N2O kwa kifupi. Kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Hukaa angani zaidi ya karne moja, na juu ya hayo hula tabaka la ozoni. Kwa upande wa kilimo, hutokana na nitrojeni: ya mbolea ya dukani, ya samadi, ya mkojo wa mifugo, ya mabaki ya mazao na ya udongo wenyewe.

Hutokeaje shambani?

Bakteria wa udongoni hugeuza amonia kuwa nitrati, na katika kazi hiyo gesi kidogo huponyoka. Udongo ukilowa hadi hewa ikawa haba, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa N2O, kisha kuwa nitrojeni ya kawaida isiyo na madhara. Hatari kubwa iko katikati, maji yanapojaza takriban asilimia 60 hadi 80 ya matundu ya udongo. Udongo mkavu hautoi kitu cha maana. Udongo uliofurika kabisa, kama majaruba ya mpunga ya Ahero, huimalizia kazi ile na kutoa zaidi nitrojeni safi.

Ndiyo maana mvua ya kwanza ya masika ina uzito wake. Udongo uliokauka Januari na Februari ukipigwa na mvua ya Machi huamka kwa kishindo, na sehemu kubwa ya gesi ya mwaka mzima inaweza kutoka katika siku chache hizo. Anayeanza kupima Aprili ameikosa.

Kwa nini kulinganisha na Uholanzi, si na jirani?

Kwa sababu nchi hizi mbili hukutana kila siku katika maziwa, mbegu za viazi na maua ya Naivasha, na kwa sababu zimekaa kwenye ncha mbili za tatizo moja. Uholanzi ina nitrojeni kupita kiasi katika eneo dogo. Magharibi mwa Kenya udongo unanyonywa kuliko unavyolishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya wakitia kilo 7 tu za nitrojeni ya mbolea kwa hekta kwa mwaka, huku kaskazini mwa China zikitiwa kilo 588. Hekta ya hapa ilikuwa ikipoteza kilo 52 za nitrojeni kila mwaka kuliko ilizopewa. Anayelinganisha nchi bila kukumbuka hilo atamwambia mgonjwa wa utapiamlo apunguze chakula.

Nipige vipi hesabu ya ekari moja ya mahindi?

Chukua utaratibu uliozoeleka: mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50 wakati wa kupanda, na mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia ya CAN mahindi yakifika magotini.

DAP ina nitrojeni asilimia 18, yaani kilo 9 kwa mfuko. CAN ya asilimia 26 ina kilo 13. Jumla ni kilo 22 kwa ekari.

Kigezo cha msingi katika mwongozo wa 2006 wa Jopo la Serikali Mbalimbali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) ni asilimia 1, kwa maana kwamba katika kila kilo 100 za nitrojeni, kilo 1 huondoka ikiwa ndani ya N2O. Kilo 22 mara 0.01 ni kilo 0.22 za nitrojeni. Sasa izidishe kwa 44 na ugawanye kwa 28 ili upate uzito wa gesi yenyewe: kilo 0.346. Mara 273, unapata takriban kilo 94 za hewa ukaa sawia (CO2e).

Hapo bado hujahesabu njia za kuzunguka. Asilimia 10 ya nitrojeni ya mbolea hukadiriwa kuruka kama amonia au oksidi nyingine za nitrojeni na kuangukia kwingine, na asilimia 1 ya hiyo hugeuka N2O. Asilimia 30 husombwa na maji kwenda chini au mitoni, na asilimia 0.75 ya hiyo hugeuka. Ukiongeza zote mbili, ekari hiyo hufika kilo 0.458 za N2O, au takriban kilo 125 za CO2e.

Kosa linalorudiwa zaidi kuliko yote ni kusahau ile 44 kwa 28. Ripoti nyingi za kisayansi hutoa uzito wa nitrojeni iliyomo ndani ya gesi, na majedwali ya nchi hutoa uzito wa gesi. Ukichanganya hizo mbili, nchi moja itaonekana safi kwa zaidi ya theluthi moja bila sababu yoyote. Kosa la pili ni kuandika uzito wa mfuko badala ya uzito wa nitrojeni. Tani ya yurea ina kilo 460 za nitrojeni, tani ya DAP ina 180 tu.

Na hekta ya Uholanzi?

Sheria ya nitrati ya Umoja wa Ulaya inaweka kikomo cha kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Kwa miaka mingi wafugaji wa Uholanzi wenye nyasi nyingi waliruhusiwa kufika 230 au 250, kisha ruhusa hiyo ikaanza kuondolewa hatua kwa hatua mwaka 2023. Tushike 170, samadi peke yake, bila mbolea ya dukani ambayo wengi huongeza juu yake.

Kwa kigezo cha asilimia 1, gesi ya moja kwa moja ni takriban kilo 729 za CO2e kwa hekta. Ekari yetu ya juu ikigeuzwa hekta ina kilo 54.4 za nitrojeni, nayo hutoa kilo 233. Uholanzi imezidi mara tatu na zaidi kidogo.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mwaka 2019 IPCC ilitoa marekebisho yanayotenganisha maeneo ya mvua na makavu, na mbolea ya dukani na samadi. Kwenye maeneo ya mvua, mbolea ya dukani imepewa asilimia 1.6 na samadi asilimia 0.6. Hekta ya Uholanzi inashuka hadi kilo 438. Hekta ya mahindi ya Kakamega inapanda hadi 373. Pengo la mara tatu limebaki chini ya moja ya tano, na hakuna mkulima aliyebadilisha chochote. Kilichobadilika ni safu moja ya jedwali.

Kwa hiyo unapokutana na tarakimu mbili za nchi mbili, swali la kwanza liwe: kigezo gani, cha mwaka gani?

Nakuru na Kakamega huhesabiwa sawa?

Kwa kigezo cha 2006, ndiyo. Kwa kile cha 2019, hapana. Katika tropiki, eneo huitwa la mvua likipata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Kakamega na Kisumu zinavuka mstari huo. Sehemu kubwa ya sakafu ya Bonde la Ufa karibu na Nakuru haivuki, na huko kigezo ni asilimia 0.5. Ekari ile ile yenye mifuko miwili hutoka kilo 151 za CO2e Kakamega hadi 47 kwenye bonde, kwa gesi ya moja kwa moja. Weka rekodi za mvua za kaunti ndogo, usitumie wastani wa nchi. Na ukiwa karibu na mstari, mathalani milimita 960 au 1,040, piga hesabu zote mbili na uzionyeshe zote.

Kuna vipimo vilivyofanywa huku kwetu?

Vipo. Mashamba ya mahindi ya Yala, Siaya, yamepimwa yakiwa na viwango tofauti vya mbolea hadi kilo 200 za nitrojeni kwa hekta, na mashamba madogo ya Nyando, Kisumu, yamepimwa mwaka mzima. Sehemu zote mbili, gesi ilikuwa kidogo. Nyando hakuna shamba lililozidi takriban kilo 1.8 za nitrojeni ya N2O kwa hekta kwa mwaka, na baadhi yalikaribia sifuri. Yala, sehemu ya mbolea iliyogeuka gesi ilikuwa chini sana ya ile asilimia 1. Udongo wenye njaa humpa mmea nitrojeni kabla bakteria hawajaifikia.

Uholanzi nayo haitumii kigezo cha dunia. Ina vigezo vyake, vinavyotofautisha udongo wa madini na udongo wa mboji nene kama wa kinamasi, na pia namna samadi inavyowekwa. Tangu miaka ya 1990 wafugaji wa huko hulazimika kuiingiza samadi ya majimaji ndani ya udongo au kuilaza chini kwa mistari, badala ya kuirusha hewani. Amonia ilipungua sana. Lakini nitrojeni iliyozuiwa kuruka ilibaki kwenye udongo mbichi, na sehemu yake hutoka kama N2O. Ukiziba mlango mmoja, chungulia wa pili.

Ng'ombe wetu ni wengi kuliko wao. Je, sisi ndio wachafuzi?

Sensa ya 2019 ilihesabu takriban ng'ombe milioni 15.8 nchini Kenya, na takriban milioni 13 kati yao ni wa kienyeji. Uholanzi ina chini ya milioni 4. Ila ng'ombe si kizio kimoja. Kwa makadirio ya msingi ya 2006, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa ana uzito wa kilo 173 na hutoa nitrojeni takriban kilo 40 kwa mwaka katika mavi na mkojo. Wa maziwa wa Afrika hutoa 60. Wa maziwa wa Ulaya Magharibi, mwenye kilo 600, hutoa 105.

Kisha kuna kigezo cha kinyesi kinachoachwa malishoni, na hapa ndipo tarakimu za Kenya hutikisika kuliko popote. Mwongozo wa 2006 uliweka asilimia 2. Ule wa 2019 uliweka asilimia 0.4. Tuchukulie ng'ombe wote milioni 13 wanachunga na kinyesi chote kinabaki malishoni. Kwa kigezo cha zamani hutoa takriban tani milioni 4.5 za CO2e. Kwa kipya, tani milioni 0.9. Tani milioni tatu na nusu zimefutika bila ng'ombe hata mmoja kuuzwa.

Ukikuta mchoro unaoonyesha Kenya ikiwa na kilimo "kichafu" kuliko nchi ya Ulaya, anza kwa kutafuta asilimia hiyo 2. Mara nyingi utaikuta imejificha humo.

Boma je?

Boma la kulaza mifugo ni kinyume cha malisho. Mavi na mkojo wa miaka hulundikana mahali pamoja, na vipimo vilivyofanywa Kenya vimeonyesha kwamba maboma ya wafugaji huendelea kutoa N2O kwa miongo kadhaa hata baada ya kuhamwa. Ukigawa nitrojeni ya ng'ombe wa kienyeji, usiiweke yote malishoni. Anayelala bomani kwa saa 12 huacha huko sehemu kubwa ya kinyesi chake. Waulize wenye mifugo saa za kutoka na kurudi, ndipo ugawe.

Dawa ni ya kawaida: ondoa samadi bomani mara kwa mara na uifikishe shambani. Inalisha mahindi badala ya kulisha anga.

Nilinganishe kwa hekta, kwa mtu au kwa zao?

Inategemea unauliza nini, na kila kizio kina upande wake. Kwa hekta, Uholanzi hupoteza, kwani imejaza mifugo kwenye eneo dogo. Kwa zao, Kenya inaweza kupoteza, kwani mavuno ni madogo.

Rudi kwenye ekari yetu ya kilo 125. Ikitoa magunia 15 ya kilo 90, kila gunia limebeba takriban kilo 8.3 za CO2e. Viwavijeshi wakiingia, au mvua ikikatika mahindi yakitoa mbelewele, ukavuna magunia 6, kila gunia linabeba kilo 20.8. Mbolea ni ile ile. Kwa magharibi mwa Kenya, mbegu inayofaa, palizi ya mapema na kuwahi kupanda hupunguza gesi kwa gunia kuliko kupunguza mfuko. Tunalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu ushauri wa "punguzeni mbolea" umekuwa ukifika hapa kutoka nchi ambazo mfuko wa pili ulikuwa wa ziada kweli. Hapa mara nyingi haujawahi kununuliwa.

Mbona tarakimu za nchi moja hubadilika kutoka ripoti moja hadi nyingine?

Mbali na vigezo, thamani ya kugeuza N2O kuwa CO2e imebadilika mara kadhaa: 310, kisha 298, kisha 265, na sasa 273. Ripoti za nchi chini ya Mkataba wa Paris hutumia 265. Chukua tani za N2O yenyewe kutoka ripoti zote mbili, halafu zidisha kwa thamani moja unayoichagua wewe.

Nitoe wapi takwimu, na kwa hatua gani?

Kuna milango miwili. FAOSTAT, hifadhidata ya Shirika la Chakula na Kilimo, hutumia njia moja ya msingi kwa nchi zote, hivyo ulinganisho ni sawa kimahesabu lakini haujui udongo wa Yala ukoje. Ripoti za nchi zilizowasilishwa kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi hutumia njia ya nchi yenyewe. Uholanzi imekuwa ikiziwasilisha kila mwaka, Kenya kwa vipindi. Usichukue Kenya kutoka mlango mmoja na Uholanzi kutoka mwingine.

Katika FAOSTAT fanya hivi:

1. Chagua sehemu ya utoaji wa gesi kutoka kilimo, kisha Kenya na Uholanzi.
2. Chagua N2O peke yake. Ukichukua jumla, methani ya ng'ombe itakufunika.
3. Shusha kila chanzo kando: mbolea ya dukani, samadi iliyowekwa shambani, kinyesi kilichoachwa malishoni, utunzaji wa samadi, mabaki ya mazao, udongo wa mboji uliokaushwa.
4. Chukua wastani wa angalau miaka mitano. Bei ya mbolea ilipopanda mwaka 2022 wengi walinunua pungufu, kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kukudanganya.
5. Gawanya kwa eneo la kilimo, si eneo lote la nchi. Nusu ya kaskazini ya Kenya ni nyika kame, na ukiiingiza utajipa sifa usizostahili.

Kumbuka pia mpaka. Mbolea iliyonunuliwa Busia upande wa Kenya na kumwagwa shambani upande wa Uganda hubaki kwenye hesabu ya Kenya.

Maandamano ya wakulima wa Uholanzi yalihusu gesi hii?

Hapana. Yalihusu amonia na oksidi nyingine za nitrojeni zinazoangukia hifadhi za asili, baada ya uamuzi wa mahakama wa Mei 2019. Nitrojeni ni ile ile, gesi ni tofauti na sheria ni tofauti.

Waridi la Naivasha linauzwa Uholanzi. Gesi yake ni ya nani?

Ya Kenya. Hesabu hufuata mahali gesi ilipotoka, haijali ua limepangwa kwenye meza ya nani. Kinyume chake, CAN inayoingizwa Kenya ilitengenezwa kwa asidi ya nitriki, na kiwanda cha asidi hiyo pia hutoa N2O. Hiyo huhesabiwa kwenye viwanda vya nchi iliyotengeneza. Usiihamishie kwenye kilimo.

Kinamasi cha Yala kikikaushwa?

Udongo wa mboji uliokaushwa hutoa nitrojeni iliyolala humo kwa maelfu ya miaka. Mwongozo wa 2006 ulikadiria kilo 16 za nitrojeni ya N2O kwa hekta kwa mwaka katika tropiki, na kilo 8 katika nchi za baridi kiasi. Nyongeza ya 2013 ilishusha makadirio ya mashamba ya tropiki hadi 5. Hata hiyo 5 ni zaidi ya mara tisa ya kilo 0.54 za hekta ya mahindi yenye mifuko miwili kwa ekari. Uholanzi, yenye mabonde mapana ya mboji yaliyokaushwa kwa malisho, inalipa gharama hiyo kila mwaka. Sisi, ambao sehemu ya kinamasi cha Yala imeshakaushwa, bado tuna nafasi ya kutoiongeza.

Tunataka kupima wenyewe. Nini huharibika?

Njia ya bei nafuu ni kisanduku cha kunasa gesi inayotoka udongoni. Pete ya kukalia kisanduku huzamishwa udongoni sentimita 5 hadi 8, angalau siku moja kabla, kisha hufunikwa na hewa huvutwa kwa sindano dakika ya 0, 10, 20 na 30. Pima kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, joto la udongo likikaribia wastani wa siku. Baada ya mbolea au mvua kubwa, pima kila siku kwa wiki moja au zaidi. Nyakati nyingine, mara moja kwa wiki inatosha.

Kosa kubwa la huku linatokana na jinsi tunavyopanda. DAP hutiwa shimoni kwa kifuniko cha soda, na mashimo yamepishana sentimita 75 kwa 30. Kisanduku kikikaa juu ya shimo, kinaona mbolea tupu. Kikikaa kati ya mistari, hakioni kitu. Weka vya aina zote mbili, kisha upe kila kimoja uzito kulingana na eneo linalowakilishwa. Makosa mengine ni mpira wa kifuniko uliochakaa unaovujisha, na kisanduku cha rangi nyeusi kinachopika udongo juani.

Mkulima afanye nini msimu huu?

Agawe CAN mara mbili badala ya kuimwaga yote siku moja, hasa penye mvua nyingi. Yurea aifukie, isiachwe juu. Asiweke mbolea ya kukuzia siku ambayo mawingu ya jioni yameshatanda. Udongo wenye pH chini ya 5.5 apimiwe na autie chokaa, kwani uchachu huwazuia bakteria kumalizia kuigeuza N2O kuwa nitrojeni safi, na pia huwanyima mahindi fosforasi ya DAP aliyoilipia.

Niandike desimali ngapi?

Hata moja ni nyingi. Kigezo kile cha asilimia 1 chenyewe kina nafasi ya kuwa popote kati ya 0.3 na 3, kwa hiyo kilo 94 za ekari yetu zinaweza kuwa 28 au 283. Andika tarakimu ya katikati pamoja na mipaka yake yote miwili, kwa kila nchi, kwenye mstari mmoja. Mipaka ikiingiliana, usiandike kwamba nchi moja imezidi nyingine.